DAMU HAINA BEI, WALA KAZI YA SERIKALI HAINA KABILA

Ukisimama katika njia panda ya Misigiri, kata ya Ulemo, wilaya ya Iramba, huhitaji kuelezwa maana ya barabara kuu. Unaiona kwa macho yako. Upande mmoja inakwenda Singida, Manyoni, Dodoma, mpaka bandarini Dar es Salaam. Upande wa pili inakwenda Shelui na Nzega, na kutoka huko mpaka Rwanda, Burundi na Kongo. Hapo ndipo magari ya Kiomboi yanapoiacha. Malori hupita usiku na mchana, na mabasi hupita kama yanafukuzwa. Na kando ya barabara hiyo hiyo watu wa Ulemo wanaishi maisha yao ya kila siku. Mama anauza kuku na karanga. Mtoto wa shule ananyoosha shingo aone kama gari liko mbali. Mchungaji anavusha ng'ombe wake huku akipiga mluzi.

Barabara hii tuliitaka wenyewe. Wazee hawajasahau kona za mlima Sekenke, wala masika ambayo lori lililala njiani na mzigo wake. Lami ilipokuja, alizeti na vitunguu vilifika sokoni upesi, na mgonjwa akafika hospitali akiwa bado anapumua. Kwa hiyo hatuna ugomvi na barabara. Ugomvi wetu ni na watu wanaoitumia kana kwamba vijiji havipo, na jinsi nchi yetu inavyowahukumu watu hao wakisha kuua.

Leo twataka kusema juu ya mambo mawili. La kwanza ni adhabu anayopewa dereva aliyeendesha kwa hatari akaua. La pili ni kazi za Serikali: nani anazipata, na kama kila kabila la nchi hii linaona mlango uko wazi kwa watoto wake. Huenda msomaji akauliza, mambo hayo mawili yamekutanaje? Jibu ni kwamba hatukuyakutanisha sisi. Yanakutanishwa kila siku katika vilabu, barazani na katika foleni ya mashine ya kusaga. Dereva aliyeua akilipa faini na kurudi kwenye usukani, watu hawaulizi sheria imesema nini. Wanaulizana kwa sauti ya chini: "Hakimu ni mtu wa wapi? Trafiki ni kabila gani? Mwenye gari je?" Na kila mmoja anaondoka na jibu lake.

Sisi twasema kwamba mnong'ono huo una hatari kuliko mwendo wa basi. Lakini hautazimwa kwa kuwakemea watu. Utazimwa kwa kuondoa kile kinachouzaa.

SHERIA INASEMA NINI

Tuanze na adhabu. Sheria ya Usalama Barabarani, yaani Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973. Imetiwa viraka mara kadhaa tangu wakati huo, lakini kitambaa ni kile kile. Ilipotungwa, magari ya nchi nzima yalikuwa machache, na barabara ya Singida kwenda Nzega ilikuwa ya vumbi. Dereva aliyetaka kwenda mbio alizuiwa na mashimo kabla ya kuzuiwa na polisi. Sheria ile iliweka njia mbili mbele ya hakimu kwa dereva aliyesababisha kifo kwa uzembe: faini au kifungo. Na mara nyingi dereva huambiwa alipe, na akishindwa ndipo aende jela.

Maana yake ni nini kwa mtu wa kawaida? Maana yake ni kwamba mwenye fedha analipa, na asiye na fedha anafungwa. Makosa ni yale yale, maiti ni ile ile, lakini mfuko ndio unaoamua nani atalala nyumbani usiku ule. Na mara nyingi si dereva anayelipa. Mwenye gari ndiye anayelipa, kisha anaikata katika mshahara, na dereva anaambiwa aongeze mwendo ili hasara irudi. Hiyo si adhabu tena, ni gharama ya safari kama mafuta na matairi.

Mtu wa Singida anajua ng'ombe, kwa hiyo tutoe mfano anaoujua. Mtu akiiba ng'ombe mmoja katika zizi la jirani, akakamatwa na kutiwa hatiani, sheria ya kima cha chini cha adhabu inamngoja. Kwa kawaida hapati chini ya miaka mitano. Hatusemi adhabu hiyo ni kubwa mno. Anayeishi kwa mifugo anajua ng'ombe ni nini. Twauliza swali moja tu: ikiwa ng'ombe aliyeibwa ana thamani ya miaka mitano, mtoto aliyegongwa akivuka barabara kwenda shule ana thamani ya risiti ya faini? Mfugaji atatuelewa bila maelezo zaidi. Ng'ombe aliyeibwa huweza kupatikana mnadani.

Wala tusidhani mambo haya ni ya madereva wa malori peke yao. Machi 2009, jijini Dar es Salaam, gari lililokuwa likiendeshwa na Bwana Andrew Chenge liligongana na bajaji, na wanawake wawili waliokuwa ndani yake wakafa. Bwana Chenge alikuwa mbunge. Alikuwa amepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na mwaka 2008 alikuwa waziri mwenye dhamana ya miundombinu, yaani barabara zenyewe. Desemba 2010 mahakama ilimtia hatiani ikampa adhabu ya faini ya jumla ya shilingi 700,000, au kifungo. Alilipa, kesi ikaisha.

Hatumtaji ili tumhukumu mara ya pili. Mahakama ilifanya kazi yake, naye alitimiza alichoamriwa. Twamtaja kwa sababu kesi ile iliwafundisha wananchi wote somo moja, nalo ni baya. Iliwafundisha kwamba roho mbili zinaweza kuhesabiwa kwa fedha ambayo mtu mwenye cheo huitoa bila kuuza hata mbuzi. Na wengi walisema ni kwa sababu ya cheo chake. Sisi twasema jambo baya zaidi ya hilo: haikuhitaji cheo. Sheria ilivyokuwa, hata mtu asiye na cheo angeweza kupata hukumu ya namna hiyo hiyo, mradi ana fedha za kulipa.

Na katika mkoa wetu wenyewe, nani amesahau tarehe 4 Julai, 2016? Mabasi mawili ya kampuni moja yaligongana uso kwa uso huko Maweni, wilaya ya Manyoni, katika barabara hii hii yetu. Watu wapatao 30 walikufa. Waliokufa walitoka pande nyingi za nchi. Walikuwa na makabila mengi na dini zaidi ya moja, na walikuwa wamekaa viti vya jirani wakigawana njugu na maji. Mauti hayakuuliza nani ni mtu wa wapi. Barabara haichagui kabila wala cheo: tarehe 12 Aprili, 1984, huko Dakawa, Morogoro, ilimchukua Waziri Mkuu wetu, Edward Moringe Sokoine, akiwa katika safari ya kazi. Ikiwa barabara haichagui, kwa nini sisi tunaobaki tuchague?

MNONG'ONO WA KABILA

Sasa tuje kwenye mnong'ono. Dereva ameachiwa kwa faini, na Ulemo nzima inasema hakimu amembeba mtu wa kwao. Mtu anayesema hivyo ana uchungu, nasi twauheshimu uchungu wake. Lakini tumwombe afikiri nasi kidogo.

Je, katika mikoa mingine madereva waliosababisha vifo wanahukumiwa kwa sheria nyingine? Hapana. Aliyehukumiwa Mtwara na aliyehukumiwa Bukoba wanahukumiwa kwa Sura ile ile ya 168. Basi kama hukumu nyepesi inatolewa na hakimu Mmakonde, na hakimu Mhaya, na hakimu Mnyaturu, na hakimu Mnyiramba mwenyewe, ugonjwa hauwezi kuwa kabila la hakimu. Ugonjwa uko katika kitabu anachokisoma. Tukimfukuza hakimu huyu na kumweka mtu wa nyumbani, atafungua kitabu kile kile ukurasa ule ule.

Twasema hivyo si kwa sababu upendeleo haupo. Upo. Hakuna nchi isiyo na watu wanaomtazama mtu usoni kabla ya kuitazama kesi yake. Rushwa nayo ipo, na haina kabila, maana noti inaeleweka katika lugha zote. Lakini kila ubaya tukiuita ukabila, tutakuwa tumewapa wakubwa wawili nafasi ya kujificha. Wa kwanza ni mla rushwa, atakayesema, "Wananichukia kwa sababu si wa hapa." Wa pili ni mtunga sheria, atakayekaa kimya huku sisi tukigombana.

Katika nchi hii tuna utani, na utani ni mali yetu. Mtani humwambia mtani wake maneno msibani ambayo kwingine yangeleta mapanga, na watu wanacheka huku machozi yakiwatoka. Lakini utani husemwa usoni, na fitina husemwa kisogoni. Mtu anayesema neno la kabila mbele ya mwenyewe anajenga ujirani. Anayelisema nyuma ya mgongo, wakati maiti bado haijazikwa, anachimba kaburi la pili.

LAKINI SWALI LA KAZI NI LA KWELI

Hapa kuna wenzetu wangependa tunyamaze. Wangependa tuseme, "Tanzania haina ukabila," kisha tupige makofi. Hatutafanya hivyo. Swali la nani anapata kazi ya Serikali ni swali la haki, na wanaoliuliza si wachochezi.

Ukoloni haukuigawa elimu sawasawa. Misheni na shule nyingi zilikwenda kwenye milima yenye kahawa, mvua na baridi: Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe. Nyanda kavu za katikati zilipata kidogo, na baadhi ya watu hawakupata kitu. Mhadzabe wa bonde la Eyasi na Mtaturu mwenye mifugo hawakuwa wajinga kuliko mtoto wa Moshi. Shule haikuwafikia tu. Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, waliokuwa tayari kukaa mezani ni wale waliotangulia kupewa kalamu. Hilo si kosa lao, lakini kufanya kana kwamba halikutokea ni kosa letu.

Na viongozi wa wakati ule hawakujifanya hawaoni. Walipambana na swali hilo katika mwaka ule ule wa Uhuru. Oktoba 1961 Bungeni, walikuwapo waliotaka uraia wa Tanganyika upimwe kwa rangi ya ngozi. Mwalimu Nyerere alikataa kwa ukali, akasema Serikali yake iko tayari kuondoka kuliko kukubali. Baadaye kazi nyingi zilipewa Waafrika kwanza, kwa sababu Mwafrika ndiye aliyekuwa amefungiwa mlango. Lakini tarehe 7 Januari, 1964, Mwalimu alitoa waraka akasema sasa basi: kila raia ni raia, na kazi itatolewa bila kutazama rangi yake. Si watu wote walioupenda waraka ule. Hata hivyo aliutoa.

Tazama matokeo yake. Katika baraza la mawaziri walikaa Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, na Derek Bryceson, mwenye asili ya Kiingereza, pamoja na watoto wa wakulima na wafugaji wa nchi hii. Kutoka mwaka 1965 mpaka 1971 Jaji Mkuu wetu alikuwa Telford Georges, mtu mweusi aliyezaliwa katika kisiwa cha Dominica, huko Karibi. Hakuwa na kijiji wala mjomba katika nchi hii. Hakuna aliyeweza kusema anawabeba watu wa kwao, maana wa kwao hawakuwapo. Watu walimpima kwa hukumu zake, na hicho ndicho kipimo tunachotaka kwa kila hakimu, atoke Ulemo au atoke ng'ambo.

Jambo jingine lililofanyika lilikuwa la kimya, na huenda lilikuwa na nguvu kuliko hotuba zote. Mtumishi wa Serikali alipelekwa mbali na kwao. Mwalimu aliyesomea Chuo cha Ualimu Kinampanda, hapa hapa Iramba, alijikuta anafundisha Lindi. Mganga kutoka Bukoba alijikuta Kiomboi. Waliposti watoto wa makabila yote pamoja mashuleni, wakawafundisha kwa Kiswahili, na wakaoana. Leo ukienda katika nyumba nyingi za watumishi utakuta baba ni wa huku na mama ni wa kule, na watoto wakiulizwa kabila wanacheka. Basi anayesema kila ofisi ya Iramba ijazwe na Wanyiramba peke yao ajue kwamba siku hiyo hiyo mwalimu Mnyiramba aliyeko Lindi atafungishwa virago. Ukiufunga mlango wako, na mwanao atafungiwa wa jirani.

TUHESABU AU TUSIHESABU?

Jirani zetu wa Kenya walichagua njia ya kuhesabu. Baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, walitunga mwaka 2008 sheria inayosema kwamba idara ya umma isiwe na watumishi wa kabila moja wanaozidi theluthi moja. Ni sheria iliyotokana na maumivu, nasi hatuicheki. Lakini ripoti zilizofuata zilionyesha kwamba idara nyingi ziliendelea kupita kiwango hicho. Tarakimu peke yake haimwondoi mjomba ofisini. Na ina ubaya mwingine: kijana anapoomba kazi anajifunza kwamba kitu cha kwanza kumhusu ni kabila lake.

Sisi tulichagua kutohesabu. Tangu sensa ya mwaka 1967 Serikali yetu haijawauliza wananchi kabila lao katika sensa. Twaona uamuzi ule ulikuwa wa hekima. Lakini asiyehesabu ana wajibu mkubwa kuliko anayehesabu. Kama hutaki kuhesabu ndani ya nyumba, basi hakikisha mlango uko wazi kiasi kwamba hakuna anayesikia haja ya kuhesabu. Katiba yetu, katika ibara ya 9, inaitaka Serikali na vyombo vyake vyote vitoe nafasi sawa kwa raia wote bila kujali rangi, kabila, dini au hali ya mtu. Maneno hayo ni mazuri. Yanakuwa kweli au uongo pale kijana wa Ulemo anapotafuta kazi.

Tangazo la kazi linamfikiaje? Sekretarieti ya Ajira iliundwa ili kazi zitangazwe wazi na watu wafanyiwe usaili, badala ya kila mkubwa kuajiri apendavyo. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi twalisifu. Lakini maombi yanapitia mtandaoni, na kwa miaka mingi usaili mwingi ulifanyika Dar es Salaam, kisha Dodoma. Mtoto wa mjini anaondoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Mtoto wa mkulima wa alizeti anauza gunia apate nauli na mahali pa kulala, na akiitwa mara ya pili anauza la pili, na mara ya tatu haendi. Hakuna aliyembagua kwa kabila. Umbali ndio uliombagua. Lakini kijijini ataonekana amerudi mikono mitupu, na mnong'ono utasema, "Si tulijua, kazi zina wenyewe."

HAPA NDIPO MAMBO MAWILI YANAPOKUTANA

Sasa msomaji atatuelewa kwa nini tumeyaweka mambo haya katika ukurasa mmoja. Leseni ya udereva na barua ya ajira ni ndugu. Zote mbili ni karatasi ambazo Serikali inampa mtu, ikiwaambia wananchi: huyu tumempima, mwaminini. Leseni ikitolewa kwa sababu mtu anafahamiana na mtoaji, aliyeipewa ataua barabarani. Na barua ya ajira ikitolewa kwa sababu mtu ni wa ukoo wa mtoaji, aliyeipewa ataua ofisini. Ataua polepole, kwa faili lisilosomwa na dawa isiyoagizwa, wala hakuna trafiki wa kumsimamisha.

Na mara nyingine karatasi hizo mbili zinakuwa mkononi mwa mtu mmoja. Dereva wa gari la Serikali aliyeajiriwa kwa udugu, asiyewahi kupimwa sawasawa, anapita katika njia panda kama yetu kwa kasi ambayo dereva wa basi angetozwa faini kwayo, na askari anampigia saluti. Akimgonga mtu, nani atamshitaki? Yule aliyemwajiri? Ndiyo maana twasema upendeleo katika kazi si jambo la wivu wa makabila tu. Ni jambo la usalama wa maisha.

TUNATAKA NINI

Hatupendi gazeti linalolalamika kisha likanyamaza. Basi twasema wazi tunachokitaka.

Kwanza, Bunge liifungue Sheria ya mwaka 1973 na kuitazama upya kwa macho ya leo. Dereva aliyeua kwa kuendesha kwa hatari, yaani kwa ulevi, au kwa kulipita gari jingine kwenye kona, au kwa mwendo wa kashfa katikati ya kijiji, asiwe na njia ya kulipa na kuondoka siku hiyo hiyo. Leseni yake itoke mkononi mwake kwa miaka inayolingana na msiba alioufanya. Tayari sheria inampa hakimu uwezo wa kumzuia mtu kuendesha; uwezo huo usilale kabatini.

Pili, adhabu isiishie kwa dereva. Kuna dereva anayepewa safari ya usiku na mchana bila mwenzake wa kumpokea, na anayeambiwa kwamba akichelewa kazi hana. Mwenye gari aliyempa amri hiyo awe mshitakiwa pamoja naye. Hatutaki kuwafunga vijana maskini huku matajiri wakinunua mabasi mapya.

Tatu, hakimu asifungwe mikono kabisa. Tunayo kumbukumbu. Mwaka 1963 Serikali ilitunga sheria ya adhabu za lazima kwa wezi, pamoja na viboko 24. Nia ilikuwa njema, lakini ikaonekana kwamba mwizi wa kitu kidogo anapigwa sawa na mwizi mkubwa, na mwaka 1972 sheria ikaandikwa upya. Kuna dereva aliyemkwepa mtoto akamgonga mtu mzima, na kuna dereva aliyekuwa amelewa. Hao si sawa, na sheria nzuri itamwachia hakimu nafasi ya kuwatofautisha. Tunachotaka ni kwamba akitofautisha, aseme sababu zake wazi, mbele ya watu.

Nne, aseme kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu. Haki hiyo itumike. Mama aliyefiwa akisikia kwa lugha yake kwa nini hukumu imekuwa vile, huenda asiridhike, lakini hatakuwa na haja ya kuuliza kabila la aliyeitoa.

Tano, tangazo la kila kazi ya Serikali libandikwe katika ofisi ya kila kata, na usaili usogezwe karibu na watu, hasa wale ambao shule iliwafikia mwisho. Anayesaili, akiwa na ndugu yake miongoni mwa waombaji, anyanyuke atoke chumbani. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji aibu tu.

Sita, nasi wananchi tujitazame. Mtu akigongwa, ni wangapi wetu wanakwenda kutoa ushahidi? Mwenye gari anakuja usiku na bahasha ya rambirambi, wazee wanakaa, jambo linamalizwa nyumbani, na siku ya kesi mashahidi wako shambani. Kesi inaanguka. Kisha tunakutana kilabuni tunasema hakimu amekula fedha! Aliyeipokea bahasha ni nani? Na upande mwingine wapo wanaotaka kumchoma dereva pale pale barabarani. Huyo naye anaifuta kesi, maana mtu aliyeuawa hawezi kuhukumiwa, na aliyemwua anakuwa mshitakiwa mpya.

Waliotutangulia walituachia neno kwamba cheo ni dhamana. Usukani nao ni dhamana, na kiti cha hakimu ni dhamana, na kalamu ya mwajiri ni dhamana. Aliyepewa dhamana hapimwi kwa jina la babu yake. Anapimwa kwa alivyoitunza.

Kesho asubuhi watoto wa Ulemo watasimama tena ukingoni mwa lami, wakingoja lori lipite ili wavuke kwenda shule. Miongoni mwao yuko atakayekuwa dereva, na yuko atakayekuwa hakimu, labda Kigoma au Tanga. Tuwatengenezee sheria itakayowafikisha ng'ambo ya barabara wakiwa hai, na mlango wa kazi utakaowapokea bila kuwauliza wametoka tumbo la kabila gani. Wabunge wetu wamesikia. Tutawauliza tena.